Shehena, Farumi na Mzigo: Uhakiki wa Kanuni ya Uzito katika Michezo ya Uhusika

Katika michezo ya kompyuta ambayo mchezaji hujivika nafsi ya mhusika na kusafiri katika ulimwengu wa kubuni pamoja na wachezaji wengine kwa njia ya intaneti, iko kanuni moja inayolalamikiwa mara kwa mara: mhusika hawezi kuchukua kila anachokiokota. Silaha, chakula, dawa, pengine hata fedha, vina uzito. Uzito ukipita kipimo, mhusika huenda kwa taabu au husimama kabisa. Wako wanaoiona kanuni hiyo kuwa ni hesabu tupu isiyo na kazi kisanaa. Makala haya yanadai kinyume chake: kwamba kanuni ya uzito ni sehemu ya masimulizi, lakini ni masimulizi yenye upungufu, na kwamba upungufu huo hudhihirika ukipimwa kwa Kiswahili cha watu wa bandari, hasa cha Kilindini na Mji wa Kale wa Mombasa.

Asili ya kanuni

Kanuni hii ilitangulia intaneti. Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa Gary Gygax na Dave Arneson uliotolewa Marekani mwaka 1974, ulipima vitu kwa uzito wa sarafu za dhahabu. Ultima Online (1997) ulipima kwa mawe, na kiasi cha kuchukua kikategemea nguvu za mhusika. EverQuest (1999) ulizipa sarafu zenyewe uzito, tajiri akaelemewa na utajiri wake. Katika RuneScape, uliotokea mwaka 2001, mfuko una nafasi 28, na uzito hupunguza pumzi za kukimbia.

Sifa ya kanuni hii ni kumlazimisha mchezaji kuchagua. Aliye mbali na mji, mfuko umejaa, naye amekuta ngao njema, hana budi kutupa kitu. Mwoga hubaki na dawa, mwenye tamaa hubaki na dhahabu. Hivyo tabia hujengwa kwa kitendo, wala si kwa maelezo. Jambo hili si geni pwani. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Mombasa kwenda bara ilihesabu mizigo kwa frasila, yaani kiasi cha ratili 35, na mpagazi mmoja alibebeshwa kadiri ya frasila mbili. Kila kilichoongezwa kilidai mtu wa kukichukua na chakula cha kumlisha.

Uzito unaookoa

Hata hivyo, katika michezo hii uzito una maana moja tu: ni adhabu. Kiswahili cha bandari hakikubali maana moja. Jina la Kilindini latokana na kilindi, yaani maji ya kina. Na ng'ambo ya pili ya kisiwa, katika Bandari ya Kale, majahazi ya Uarabuni na Ghuba yalikuwa yakiingia na kaskazi yakileta tende, chumvi na samaki wakavu, yakirudi na kusi yamepakia boriti. Kwa uzito uliomo chomboni, mabaharia walikuwa na maneno mawili. Shehena ni bidhaa zinazopakiwa kwa ajili ya faida. Farumi ni uzito, kama vile mawe au mchanga, unaotiwa ndani ya chombo kilicho chepesi mno ili kisiyumbe na kupinduka. Nahodha, basi, haulizi tu uzito umefika kiasi gani; huuliza pia umekaa wapi: chini ngamani au juu, umelingana au umelemea upande mmoja. Frasila zile zile zaweza kukiokoa chombo au kukizamisha.

Yaweza kujibiwa kwamba hata mchezoni deraya nzito humlinda mvaaji. Lakini kinachomlinda ni chuma. Uzito wenyewe hubaki kuwa hasara. Ndiyo maana RuneScape una viatu vyenye uzito ulio chini ya sifuri, ambavyo humpunguzia mvaaji mzigo wa vitu vingine. Huko ndiko mwisho wa fikra hii: wepesi ni wema usio na kikomo. Baharini, chombo kitupu ndicho cha kuogopwa. Hata leo meli ipakuapo makontena Kilindini huvuta maji ya bahari ndani ya matangi yake ili isimame sawasawa. Kitendo cha farumi kingalipo. Neno ndilo linalosahauliwa.

Nani anayechukua?

Neno la tatu ni mzigo, nalo haliachani na mchukuzi. Methali yasema, «Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.» Uzito, kwa mujibu wa methali hii, haumo katika kitu peke yake, umo pia katika bega linaloubeba na jicho linaloutazama. Katika michezo hii wachezaji wengi huumba mhusika wa pili ambaye hana kazi wala kisa, ila kutunza vitu vya yule wa kwanza. Huyo ni hamali asiyelalamika. Bandarini hamali hulalamika: mgomo mkuu wa Mombasa wa mwaka 1947 na mgomo wa makuli wa mwaka 1955 vyatosha kuwa ushahidi. Riwaya ya Adam Shafi, Kuli (1979), inayohusu wachukuzi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948, hupata nguvu zake hapo hapo: mzigo ni uhusiano baina ya watu. Mchezo unaohesabu uzito bila ya kumhesabu mchukuzi umeacha nusu ya kisa.

Hitimisho

Haya yanamhusu mfasiri na mtunga kamusi. Biashara ya majahazi imepungua sana, na wanaotamka farumi kwa mazoea ya kazi ni wachache. Michezo hii ikifasiriwa na kila uzito ukaitwa mzigo, mfasiri atakuwa ameleta fikra ya kigeni na kuizika ya kwao kwa kitendo kimoja. Yafaa kilichopakiwa kwa faida kiitwe shehena, na kilicho juu ya bega la mtu kiitwe mzigo. Ama farumi, michezo hii haijawa na kitu cha kuitwa hivyo. Hiyo si sababu ya kuliacha neno lipotee, bali ni sababu ya kulikusanya mapema, pamoja na maelezo ya matumizi yake, kutoka kwa mabaharia wazee waliobaki Mji wa Kale. Mtunzi wa Kiswahili atakayebuni mchezo wake atakuta humo kanuni ambayo michezo iliyotajwa hapa haikuwa nayo: kwamba msafiri hupimwa kwa alichokitosa, na pia kwa uzito alioukubali ili asipinduke.