Akiba ya Pumzi: Nusukaputi kwa Mgonjwa Mnene katika Thieta ya Garissa

Mtu alazwapo chali juu ya meza ya upasuaji, akatiwa dawa ya nusukaputi, na misuli yake ikalegezwa kwa dawa nyingine hata asiweze tena kuvuta pumzi kwa nguvu zake mwenyewe, kuna muda mfupi, kabla mrija haujaingia katika koo la hewa na mashine haijaanza kumpumulia, ambao ndani yake hana pumzi isipokuwa ile iliyokwisha kuwekwa mapafuni mwake. Muda huo si sawa kwa watu wote. Uchunguzi wa Jense na wenzake, uliochapishwa mwaka 1991, ulionyesha kwamba watu wa uzito wa kawaida waliokwisha kuvutishwa oksijeni walikaa takriban sekunde 364 kabla oksijeni ya damu yao haijashuka hadi asilimia 90, ilhali wenye unene uliokithiri walikaa sekunde 163 tu. Mmoja ana dakika sita, na mwingine hazimfikii tatu. Muradi wa makala haya ni kueleza jinsi dakika hizo zinavyoongezwa na kulindwa, na kwa nini naamini kwamba katika Garissa na nchi yote ya kaskazini-mashariki ya Kenya sehemu kubwa ya kazi hiyo haitaki mtambo wa thamani, bali hutaka matayarisho.

Mtu mzima mwenye siha hubakiwa na hewa ya lita mbili na ushei mapafuni baada ya kutoa pumzi ya kawaida, na mwili wake uliotulia hutumia oksijeni ya mililita 250 hivi kwa dakika. Hewa tuivutayo kila siku ina oksijeni ya asilimia 21, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni naitrojeni isiyotufaa kwa jambo hili. Lakini mgonjwa akivutishwa oksijeni tupu kwa dakika tatu hadi tano kupitia barakoa iliyobana vema usoni, naitrojeni huoshwa ikatoka, na zile lita mbili zikawa karibu zote ni akiba. Zigawe kwa robo lita kila dakika, nawe utapata dakika nane, kadiri ambayo haiko mbali na ile inayoonekana thietani. Kwa mtu mnene kupita kiasi hesabu hii huharibika pande zote mbili, kwa kuwa uzito wa tumbo hukisukuma kiwambo juu kifuani, nyama ya kifua huzilemea mbavu, na vijia vidogo vya hewa vilivyo chini ya mapafu hujifunga, na wakati huohuo mwili mkubwa hudai oksijeni zaidi. Mfugaji wa Wajir angeliifahamu hesabu hii pasi na kufundishwa na tabibu: birika limepungua, na wanyama wanaokuja kunywa wameongezeka. Kisha nusukaputi yenyewe, pamoja na kule kulala chali, huipunguza tena akiba iliyokwisha kuwa haba.

Yuko msomaji atakayeshangaa kusikia habari za unene zikihusishwa na nchi ambayo jina lake hutajwa zaidi wakati wa ukame na njaa. Lakini mambo haya mawili hukaa pamoja katika kaunti moja, na wakati mwingine katika ukoo mmoja. Uchunguzi wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza wa mwaka 2015 ulikuta kwamba Wakenya wazima 27 katika kila 100 walikuwa na uzito uliozidi, na kwa wanawake idadi hiyo ilipita 38. Hospitali ya rufaa ya Garissa, ambayo ilikuwa hospitali kuu ya mkoa hadi serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013, hupokea wagonjwa wa mji, wa vijiji vya ukingoni mwa Mto Tana, na wa Dadaab, ambako kambi za wakimbizi zilifunguliwa mwaka 1991. Na mama mnene aliyekwama katika uzazi usiku wa manane hawezi kuambiwa angoje hadi apungue.

Kazi huanza wodini. Tabibu wa nusukaputi, ambaye katika hospitali nyingi za Kenya ni afisa wa kliniki au muuguzi aliyesomea fani hii, humtaka mgonjwa afungue kinywa, ainue kidevu, na kugeuza shingo, kisha huipima shingo yenyewe kwa utepe, kwa kuwa ikipita sentimita 40 ni alama mojawapo ya kutahadhari. Hapa adabu ya mahali ni sehemu ya tiba: mama aliyejisitiri kwa hijabu haombwi kuivua mbele ya kadamnasi, bali pazia hufungwa, muuguzi wa kike akaitwa, na shingo ikatazamwa kwa stara, kwani tabibu aliyeona haya kuitazama wodini ataikuta kwa mara ya kwanza thietani, wakati ambapo dawa imekwisha kuingia. Mume, dada au binti huulizwa kama mgonjwa hukoroma, na kama pumzi yake hukatika usingizini kisha akashtuka, maana mwenyewe aghalabu hajui.

Thietani, jambo la kwanza ni mkao, na hapa nitakawia kidogo, kwa sababu hakuna tadbiri iliyo rahisi zaidi wala inayopuuzwa zaidi. Blanketi na shuka hukunjwa na kupangwa chini ya mgonjwa, nyingi chini ya kichwa, chache mabegani, na chache zaidi mgongoni, mpaka mwili wa juu ukawa mteremko. Mpangaji huchutama kando ya meza, akalinganisha kwa jicho tundu la sikio na kishimo kilicho juu ya mfupa wa kifua. Vikiwa katika mstari mmoja uliolala sawa na sakafu, mteremko umetimia, na vikiwa bado, huongezwa blanketi nyingine. Mto mmoja chini ya kichwa hautoshi, kwa maana huinua kichwa ukaviacha kifua na tumbo vilivyokuwa. Mkao huu humrahisishia mtia mrija kuiona njia ya hewa, na humpunguzia mgonjwa mzigo wa tumbo juu ya kiwambo. Mwaka 2005 Dixon na wenzake huko Melbourne waliwavutisha oksijeni wagonjwa wenye unene uliokithiri, baadhi yao wakiwa wameinuliwa kwa nyuzi 25 na wengine wamelala chali. Waliolala walidumu sekunde 155 kwa wastani, na walioinuliwa sekunde 201. Karibu robo tatu ya dakika ilipatikana kwa kuinuliwa tu.

Jambo la pili ni kuyazuia mapafu yasijifunge. Mwaka huohuo wa 2005 Gander na wenzake wa Lausanne walionyesha kwamba mgonjwa aliyevutishwa oksijeni huku shinikizo dogo likibakizwa mapafuni mwishoni mwa kila pumzi alidumu sekunde 188, na asiyepewa shinikizo hilo sekunde 127. Palipo na mashine kamili, shinikizo hilo hupangwa kwa kitufe. Pasipo na mashine, vali ndogo ifungwayo kwenye mfuko wa kupumulishia kwa mkono hufanya kazi hiyo, mradi barakoa imebana. Pua nazo hutiwa mpira mwembamba wa oksijeni, ambao huachwa ukitiririka hata wakati mrija unatafutiwa njia.

Oksijeni yenyewe ndiyo taabu ya mahali hapa. Mtambo wa kuichuja hewani hutoa oksijeni ya asilimia 93 hivi, na mdogo wake hautoi zaidi ya lita tano kwa dakika, ilhali mtu avutapo pumzi kwa nguvu huivuta hewa kwa kasi iliyo mara nyingi kuliko hiyo. Kwa hiyo pasipo mfuko wa akiba kwenye barakoa, pengo hujazwa na hewa ya chumba, na tabibu hudhani amejaza mapafu ilhali amejaza nusu. Mtambo huo hutaka umeme, nao hauyapendi joto na vumbi, na Garissa joto la mchana hupita nyuzi 35 mara nyingi. Mtungi mkubwa uliojaa lita 6,800 hautaki umeme, na kwa mkondo wa lita kumi kwa dakika hudumu saa kumi na moja. Kwa hiyo mtungi huo usimame thietani kila siku, hata mtambo ukiwa mzima.

Garissa ina neema moja isiyotajwa. Mji uko takriban mita 150 tu juu ya bahari, na Nairobi iko takriban mita 1,700, ambako shinikizo la hewa ni pungufu kwa karibu moja ya sita. Hesabu za Melbourne, ambao ni mji wa pwani, zinakaribia hali ya Garissa kuliko ya Nairobi; na mgonjwa mnene anayepelekwa rufaa kwa barabara hupanda kuelekea hewa nyepesi, jambo ambalo anayemsindikiza katika ambulensi hana budi kulizingatia kabla ya kupunguza oksijeni.

Mrija ukiisha kuingia, kosa linalonyemelea ni la hesabu. Mapafu hayanenepi pamoja na mwili, na kiasi cha kila pumzi hupimwa kwa kimo. Mwanamke wa sentimita 160 uzito wake wa hesabu ni kilo 52 hivi, na kwa mililita saba kwa kila kilo hupewa mililita 367. Akihesabiwa kwa kilo zake 130 atasukumiwa mililita 910, nayo ni dhara tupu. Ama shinikizo la mwisho wa pumzi, lisizidishwe kwa kudhani kwamba kingi ndicho bora: uchunguzi wa PROBESE wa mwaka 2019, katika wagonjwa wapatao 2,000 wa nchi 23, haukuona kwamba shinikizo la sentimita 12 za maji lilipunguza madhara ya mapafu kuliko la sentimita 4.

Sindano ya uti wa mgongo huepusha mengi ya haya, nayo ndiyo njia ya kawaida ya kumpasua mama mjamzito. Lakini huweza kushindwa, na kwa hiyo mteremko wa blanketi uandaliwe hata kwake. Kuamka nako kuna hatari yake. Mrija usitolewe mpaka nguvu za misuli zimerudi, mgonjwa amefumbua macho na kutii amri, naye ameketishwa. Na usiku wa kwanza alale ameinuliwa, kipima oksijeni kikiwa kidoleni, na dawa kali za maumivu zikipewa kwa hadhari.

Nawasihi wasimamizi wa afya wa Garissa, Wajir na Mandera, kabla ya kuagiza mtambo mwingine mkubwa, waende katika kila thieta waangalie kama kuna utepe wa kupimia kimo, vali ya shinikizo, barakoa yenye mfuko wa akiba, mtungi uliojaa, na blanketi za kutosha kuujenga mteremko; na kinachokosekana kinunuliwe mwezi huu.