Kuipa Jina Chekechea: Mahesabu ya Bariadi

Machi 2012 ilipoanzishwa mikoa minne mipya, miwili ilichukua majina ya miji iliyokuwa makao makuu yake, yaani Geita na Njombe. Miwili ikapita njia nyingine. Mpanda ilibaki jina la mji na mkoa ukaitwa Katavi. Bariadi ikabaki jina la mji na mkoa ukaitwa Simiyu, jina la mto unaotokea upande wa Serengeti na kumwaga maji Ziwa Victoria. Kwa Simiyu naona lilikuwa chaguo zuri. Busega ilitoka Mwanza, wilaya nyingine zilitoka Shinyanga, na mto haukuwa wa mji wa mtu yeyote. Mkazi wa Nyashimo kule Busega na wa Mwanhuzi, iliyokuwa Shinyanga, wote waliweza kuutaja mkoa wao bila kujiona wageni.

Anayefungua shule ya awali mjini Bariadi ana uamuzi wa aina hiyohiyo mezani: jina la mahali, la mtu, au la kitu.

Mahali ndiko wengi wanakokimbilia. Serikali yenyewe ilifanya hivyo sana baada ya 2004, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) ulipohimiza kila kata iwe na sekondari yake, na nyingi zikachukua jina la kata. Kata ilikuwa na sekondari moja, kwa hiyo jina lilitosha. Shule binafsi haina nafasi hiyo. Ukiiita Somanda, Malambo au Nyakabindi, unajiweka kwenye jina ambalo watu tayari wanalitumia kwa mtaa, kwa zahanati, kwa soko na kwa shule ya serikali. Mzazi akimwambia bodaboda ampeleke mtoto huko, mtoto anaweza kushushwa kwenye geti lisilo lake. Mtoto wa miaka minne hawezi kumrekebisha dereva.

Jina la mtu lina nguvu yake, kwani mzazi humkabidhi mtu mtoto wake, hakabidhi jengo. Ndiyo maana shule nyingi za vidudu, hata ziandikwe nini kwenye kibao, mtaani huitwa “kwa Mama fulani” au “kwa Masista”. Ushauri wangu ni kuuachia mtaa kazi hiyo. Utaifanya bila malipo, na siku mwenye shule akiuza au akistaafu hakuna cheti cha kubadilisha.

Vinabaki vitu, na hapa pana utajiri. Simiyu ni nchi ya pamba, lakini Pamba ukanda huu ni timu ya mpira ya Mwanza; kibao chako kitashindana na uwanja. Mvua je? Kisukuma kina Mabula na Kabula, majina ya watoto waliozaliwa wakati wa mvua, na mvua yenyewe ni mbula. Sikiliza linavyotamkwa: irabu wazi, silabi fupi, halina r. Hicho ndicho kipimo ninachokithamini kuliko vyote. Sauti ya r ni kati ya zile zinazochelewa kukaa sawa katika kinywa cha mtoto, na konsonanti zilizosongamana kama zile za mwanzo wa “Bright” au “Stars” humpa taabu mtoto aliyezoea silabi za Kisukuma na Kiswahili, ambazo huishia kwenye irabu. Mtoto aliyepotea sokoni anapaswa kuweza kutaja shule yake na akaeleweka. Jina asiloweza kulitaja halijamfikia.

Jina pia ni ahadi. Friedrich Fröbel alifungua taasisi yake Blankenburg, Ujerumani, mwaka 1837, na mwaka 1840 akaipa jina Kindergarten, bustani ya watoto. Neno hilo lilizunguka dunia kwa sababu lilieleza anachofanya. Lakini mwaka 1851 serikali ya Prussia ilipiga marufuku shule hizo, na sababu inayotajwa ni kwamba ilimchanganya Fröbel na mpwa wake Karl, mwenye siasa ambazo serikali hiyo haikuzitaka. Marufuku iliondolewa 1860, Fröbel akiwa ameshafariki. Madhara ya majina kufanana hayakuanzia kwetu.

Maria Montessori alifungua Casa dei Bambini mjini Roma tarehe 6 Januari 1907, na jina lake la ukoo likawa jina la mbinu. Leo hubandikwa hata pale ambapo hakuna vifaa vyake wala mwalimu aliyefundishwa mbinu hiyo. Hali ni hiyohiyo kwa “International” juu ya vyumba viwili vya madarasa. Mzazi wa Bariadi aliyeuza pamba ili alipe ada anastahili kupata kilichoandikwa. Kama shule haina, neno hilo litoke kwenye kibao.

Kisha kuna ofisi. Kituo cha kulea watoto wadogo mchana husajiliwa upande wa Ustawi wa Jamii, kwa Sheria ya Mtoto ya 2009; darasa la awali liko chini ya mamlaka za elimu; jina la biashara liko BRELA, ambako hutafutwa na kuombwa kwa mtandao, na linalofanana mno na lililokwishasajiliwa hukataliwa. Fanya utafutaji huo kabla ya kumwita fundi wa kibao na kabla ya kushona sweta. Halafu herufi zilezile ziandikwe kila mahali, benki na TRA wakiwemo, kwa sababu kistari kimoja kilichozidi kinaweza kurudisha fomu.

La mwisho ni ngazi. Shule za awali zinazopendwa hukua: wazazi huomba darasa la kwanza, kisha la pili. Shule iliyosajiliwa kama “Chekechea ya Mbula” itarudi kubadilisha hati watoto wakifika huko. Basi Mbula lisimame peke yake kama jina, na maneno “shule ya awali” yakae chini yake kwenye kibao kwa herufi ndogo, yanayoweza kufutwa na kuandikwa upya kwa rangi.