Sifuri ya Ufukweni

Kutoka Maguu kwenda ziwani ni kuteremka tu. Unaacha mashimo ya ngolo yaliyochimbwa kwenye miteremko mikali, unaacha mibuni, baridi ya Umatengo inakutoka mabegani kidogo kidogo, na ukifika Mbamba Bay umeshavua sweta. Agosti, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mchanga bado uko kivulini kwa sababu jua huchelewa nyuma ya milima. Anayetafuta ndege upande wetu wa Nyasa aanze kwa kulielewa jua hilo. Sisi tuko ufuko wa mashariki. Asubuhi jua liko mgongoni, maji yako mbele, na kila ndege anaonekana kwa rangi zake. Kuanzia saa nane mchana mambo hugeuka: mwanga unarudi kutoka majini na kukupiga usoni, na mnandi, bata na kipande cha gogo vyote vinakuwa kitu kimoja cheusi. Kwa hiyo ziwa hutazamwa asubuhi. Alasiri unalipa kisogo, unaelekea kwenye matete na madimbwi yaliyo nyuma ya ufuko, na jua lile lile lililokuwa linakusumbua sasa linakumulikia njia.

Nilishuka kumtafuta ndege mdogo kuliko ngumi: kitwitwi mwenye paji jeupe, ambaye kwa muda mrefu wanasayansi walimwita Charadrius marginatus. Huishi kwenye fukwe za mchanga, za bahari na za maziwa makubwa, na kiangazi ndicho kipindi chake. Ziwa Nyasa hujaa kufikia Mei mvua zinapokatika, kisha hushuka polepole hadi Novemba au Desemba, na tofauti ya kimo cha maji hukaribia mita moja. Mita moja ya kusimama, kwenye ufuko uliolala, ni hatua nyingi za mchanga mkavu unaobaki wazi. Hapo kitwitwi hukwaruza kishimo, hutaga mayai, mara nyingi mawili, na anapoondoka huyafukia nusu kwa mchanga. Ukitazama huyaoni. Usipotazama unayakanyaga.

Ndiyo maana mbinu sahihi si kutafuta mayai. Unamtafuta ndege, na zaidi unatafuta namna anavyokimbia. Mimi hutembea pale mchanga ulipolowa, kwani hapo hakuna anayetaga. Nikienda hatua mia moja nasimama, nachuchumaa, napitisha darubini juu ya mchanga mkavu kuanzia karibu kwenda mbali, kisha nanyamaza kidogo. Rangi ya kitwitwi ni rangi ya mchanga, hivyo umbo halikusaidii. Mwendo ndio unaomtoa. Anayekimbia na kusimama, akakimbia tena na kusimama, anakula. Anayekimbia moja kwa moja, kichwa chini, bila kuruka, ana kitu alichokiacha nyuma. Ukiona hivyo rudi ulikotoka. Kwenda kuhakikisha ni kumweka juani mtoto asiyeanguliwa, na nyayo zako zinaweza kuwa ramani ya mbwa na kunguru. Neno la kuandika ni «huenda anataga», na neno hilo linatosha.

Karibu na vichanja vya dagaa mzee mmoja aliliona daftari langu akaniuliza kama nimetumwa kukagua leseni. Nilimwamkia, nikaketi, nikamweleza. Mtu mwenye darubini na kalamu anayepita kimya mbele ya wavuvi hujiletea mashaka, na mashaka humfungia mlango wa elimu kubwa kuliko iliyomo vitabuni. Mzee aliniambia, «Hapa penye vichanja hawakai, mwanangu. Mbwa wanalala hapa. Nenda kule kusikopita mtu.» Sentensi tatu tu, na nusu ya ufuko ikaondoka kwenye orodha ya mahali pa kutafuta. Nilienda kusikopita mtu. Nilitafuta saa tano kasorobo na sikumwona kitwitwi hata mmoja.

Hapa ndipo uchambuzi wangu unapoanzia. Wengi wetu tungerudi nyumbani tukasema siku imepotea. Nami nilisema hivyo kwa miaka mingi, na madaftari yangu ya zamani yana kurasa za ndege niliowaona tu. Siku ambazo sikuona kitu hazimo kabisa. Leo nikizisoma siwezi kujua kama mwaka fulani vitwitwi walikuwa wengi au ni mimi nilikuwa natembea sana. Hasara hiyo haina dawa, kwa sababu siku zile haziwezi kutafutwa tena.

«Hayupo» la mtu aliyepita na «hayupo» la mtu aliyetafuta ni maneno mawili yasiyofanana. La pili lina saa ya kuanza na ya kumaliza, lina umbali, hali ya upepo, idadi ya macho yaliyotazama, na jina la ndege aliyetafutwa. Sifuri yenye vitu hivyo ni kipimo kamili kama ilivyo kumi na mbili au mia. Sifuri isiyo navyo ni ukurasa mtupu.

Ng'ambo ya ziwa hili hili, Nyasaland ya zamani, alitoka mtu ambaye kazi yake inalionyesha jambo hili vizuri kuliko yote ninayoyajua. Jali Makawa aliajiriwa miaka ya 1930 na Constantine Walter Benson, afisa wa serikali ya kikoloni aliyependa ndege, na wakafanya kazi pamoja kwa miongo kadhaa, hata wakafika visiwa vya Komoro mwaka 1958. Makawa alikuwa na sikio. Alizijua sauti za porini na kuziiga kwa mluzi mpaka ndege akamjia. Tarehe 6 Septemba 1964, mahali paitwapo Mayau, katika nchi ambayo wiki chache baadaye ilizaliwa upya kwa jina la Zambia, alipatikana kitororo mmoja mwenye kifua cheupe asiyefanana na vitororo wengine. Mwaka 1965 Benson na mwenzake Michael Irwin walimpa jina la kisayansi Pogoniulus makawai, kwa heshima ya Makawa. Hakuna aliyempata wa pili. Mwaka 2018 uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba kielelezo kile kiko karibu sana na kitororo wa kawaida mwenye kiuno cha njano, na shaka ikaingia kama kweli ni spishi peke yake.

Tazama kazi iliyofanywa na sifuri hapo. Ndege mmoja alipatikana kwa siku moja. Kilichofuata ni zaidi ya nusu karne ya watu kutafuta bila kupata, na kule kutopata ndiko kulikowasukuma kuuliza swali jingine kabisa. Kama watafutaji hao wangenyamaza kwa aibu ya kurudi mikono mitupu, hadi leo tungekuwa tunasema tu kwamba Mayau ni mbali na hakuna aliyekwenda.

Hapa Tanzania kazi kubwa ya kuwaweka ndege kwenye ramani imesimamiwa tangu miaka ya 1980 na Neil na Liz Baker, mume na mke. Mbinu ya atlasi yao ni kuigawa nchi katika miraba ya nusu digrii, takriban kilomita 55 kila upande, na kwa kila mraba kukusanya spishi zilizoonekana, mwezi zilipoonekana, na dalili za kuzaliana. Kwa nchi ya kilomita za mraba zipatazo 945,000 na watazamaji wachache, huo ulikuwa uamuzi wa busara. Mraba mdogo zaidi ungewaachia ramani iliyojaa matundu. Matokeo yake yanajulikana. Bonde la Kilombero liliwapa mnana ambaye sayansi haikuwa inamjua, aliyeelezwa rasmi mwaka 1990, pamoja na ndege wawili wadogo wa kahawia wa kwenye nyasi, wa jenasi Cisticola, waliokuja kupewa majina ya kisayansi mwaka 2021 tu. Mmoja anaitwa Cisticola bakerorum. Kati ya kugunduliwa na kupewa jina ilipita miaka zaidi ya 30, na muda wote huo ndege wenyewe walikuwa wanaimba hadharani kwenye matete.

Lakini kwa Nyasa mraba wa kilomita 55 una udhaifu ambao lazima tuutaje. Upana huo unatosha kuumeza mlima na ufuko kwa pamoja. Ndege wa msitu wenye ukungu na ndege wa mchanga wa moto wanalala katika kisanduku kimoja, na anayeisoma ramani hawezi kujua nani ni wa wapi. Wakenya, tangu mwaka 2013, wanatumia miraba ya dakika 5 za digrii, kama kilomita 9 kila upande, wakiufuata utaratibu uliotoka Afrika Kusini. Sharti lake ni zuri: angalau saa mbili za kutafuta kwa bidii, kupita kila aina ya makazi iliyomo ndani ya mraba, na kuandika spishi kwa mpangilio zilivyojitokeza. Saa hizo mbili ndizo zinazoipa sifuri uzito. Tukiwa na orodha kumi za mraba mmoja na kitwitwi ametokea katika tatu, tumepata kiwango kinachoweza kulinganishwa na cha mwaka ujao, hata kama watembeaji ni wengine. Ufuko wetu mwembamba, uliobanwa kati ya milima na maji, unahitaji miraba ya namna hiyo.

Kalenda nayo ina kasoro. Sensa ya kimataifa ya ndege wa maji, iliyoanza mwaka 1967 na kuingia Afrika kwa mpango wake mwaka 1991, huhesabu zaidi Januari. Mwezi huo ulichaguliwa kwa sababu za kaskazini: ndege wa Ulaya wanakuwa wametulia mahali pamoja wakikimbia majira ya baridi. Januari yetu ya Ruvuma ni matope, mvua na maji yanayopanda. Ufuko wa kitwitwi unazidi kumezwa. Zipo nchi za Afrika zinazoongeza hesabu ya Julai, na ningependa kuona Nyasa ikihesabiwa Julai na Septemba pia. Maeneo manne ya Tanzania yaliyoandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar ni Malagarasi-Muyovozi, Ziwa Natron, Bonde la Kilombero na Rufiji-Mafia-Kilwa. Hakuna hata moja kwenye ufuko huu, na sioni tutakavyojenga hoja ya kuutazama upya bila namba za kiangazi.

Watu hudhani kiangazi hakina wageni kwa kuwa wa Ulaya wamekwenda zao. Si kweli. Wapo ndege wa mwambao wa mwaka mmoja ambao hawajakomaa kuzaliana, nao hubaki Afrika wenzao wakirudi. Na yupo mgeni wa maana kuliko wote: kulasitara wa Madagaska, Ardeola idae, anayezaliana kisiwani kwao wakati wa mvua na kuvuka bahari kuja Afrika Mashariki kati ya Mei na Oktoba. Yumo hatarini kutoweka. Tatizo ni kwamba anafanana mno na kulasitara wetu wa kawaida, na akiruka wote wawili hufunua mabawa meupe. Tofauti zipo akiwa ametulia: mgongo wake ni wa kahawia iliyokolea zaidi, michirizi ya kifuani ni mipana, mdomo ni mnene. Hupenda madimbwi madogo yenye miti karibu. Jioni moja niliandika «wa Madagaska» nikiwa nimeuona mgongo tu, mwanga ukiwa umekwisha. Usiku nilifuta, nikaandika «kulasitara, aina haikuthibitika». Kufuta kule kuliniuma, na nina hakika ndiyo kazi bora niliyoifanya siku hiyo.

Kuhesabu walio wengi ni rahisi zaidi kuliko watu wanavyodhani. Mnandi waliojipanga juu ya miamba ya ghuba huhesabiwa kabla hawajatawanyika kwenda kuvua: hesabu kumi, shika machoni nafasi waliyoijaza, ipime nafasi hiyo juu ya mwamba mzima, kisha rudia kutoka upande wa pili. Furukombe ni kinyume chake. Jike na dume hushika eneo lao na kuitikiana, hivyo ukisikia mara nne huenda umesikia jozi moja. Weka alama ya mti kwenye ramani, hesabu miti, usihesabu sauti.

Ukurasa wa siku ile ya Agosti unasomeka hivi: Kaskazini ya ghuba. Saa 12:35 hadi saa 5:20 asubuhi. Mtazamaji mmoja, darubini ya mkono. Kilomita 6 kwa miguu, kwenda tu. Shwari hadi saa 3, kisha upepo wa kusini, mawimbi. Mnandi 140, makadirio mawili. Furukombe jozi 2. Yangeyange 9. Kitwitwi mwenye paji jeupe 0, ametafutwa mwendo wote, ila mwisho. Mita 400 za mwisho hazikutazamwa: akina mama walikuwa wanaoga, darubini imefungwa mkobani.