Mwamba wa Pugu uliooza mara mbili

Mwamba mweupe wa vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, hauhitaji nyundo kubwa. Ukiugonga kidogo unabomoka, na mkononi unabaki na unga mweupe uliochanganyika na punje ngumu za mchanga. Tia kipande chake kwenye glasi ya maji, koroga, kisha acha. Mchanga unashuka papo hapo. Maji yanabaki meupe kama maziwa, na kesho yake utayakuta bado hayajatulia.

Mchanga ule ni kwatzi. Weupe ni kaolini, udongo wa kutengenezea vyombo vya kauri na vigae, unaotumika pia kwenye rangi na karatasi. Akiba ya Pugu hutajwa miongoni mwa kubwa duniani, na mapango ambayo watu hupanda kuyaona leo pamoja na popo wake yalichimbwa na waliokuwa wakiufuata udongo huo.

Glasi hiyo inaleta swali ambalo vitabu vya sekondari hulipita mbio. Tulifundishwa kwamba mwamba mkongwe huvunjika, mto hubeba mabaki, mabaki hutua kwa kufuata ukubwa wake, hukandamizwa, na miamba mashapo hupatikana. Ni sawa. Lakini kama mto huchambua mzigo wake, imekuwaje mchanga na udongo laini kuliko wote vikalala pamoja Pugu?

Jibu linaanzia bara, kwenye miamba kongwe ya aina tunayoiona katika milima ya Uluguru, iliyopikwa chini sana ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Humo mna kwatzi kwa wingi, na feldspari kwa wingi zaidi. Madini hayo yalizoea joto na mgandamizo wa huko chini. Ardhi ya juu ilipomomonyoka, mzigo uliokuwa umeyalalia ukapungua, mwamba ukatanuka na kupata nyufa. Jua na mizizi vilisaidia kuzipanua, ila katika nchi ya joto na mvua kama yetu mharibifu mkubwa ni maji yanayopenya humo.

Maji ya mvua hubeba kabonidioksidi kutoka hewani, na yakipita kwenye udongo wenye mizizi na majani yanayooza huchukua nyingi zaidi. Yanakuwa asidi dhaifu. Kwatzi haiyajali. Feldspari haiwezi kuyahimili: potasiamu, sodiamu na kalisi zake huyeyuka na kwenda na maji, sehemu kubwa ya silika nayo huondoka, na kinachobaki ni kaolini. Hesabu ya kemia inatoa picha ya hasara hiyo: kilo 100 za feldspari ya potasiamu zikioza zote huacha kaolini kilo 46 tu. Zaidi ya nusu ya madini imekwenda na maji, ingawa anayepita juu ya kilima haoni kitu kilichoondoka.

Mwamba uliofikia hali hiyo huvunjika wenyewe, na mvua kubwa inaukokota hadi mtoni. Hapo ndipo uchambuzi unapoanza. Punje ya mchanga yenye upana wa milimita 0.2 huzama mita moja katika maji tulivu kwa muda usiofika dakika mbili. Chembe ya udongo yenye upana wa milimita 0.002 huhitaji karibu siku tatu kwa kina hichohicho, na mto hauna siku tatu za utulivu. Kwa hiyo mchanga huachwa njiani na kwenye mlango wa mto, udongo ukisukumwa mbele hadi baharini, ambako chumvi huzifanya chembe zishikamane na kuzama. Ndivyo Ruvu inavyofanya hadi leo inapomwaga maji yake karibu na Bagamoyo.

Mashapo ya Pugu wanajiolojia huyaweka katika kipindi cha Miosini, kilichoisha miaka milioni 5 hivi iliyopita. Mto wa wakati huo ulifuata sheria hizohizo za maji, kwa hiyo ulipaswa kutuachia mchanga uliooshwa, na kaolini mahali pengine.

Yapo maelezo mawili. La kwanza ni kwamba mto ulikuja kwa mafuriko mazito, ukabwaga mzigo wote kwa mkupuo kabla ya kuuchambua. Hilo hutokea, na sidhani kama linaweza kuondolewa kabisa hapa. La pili linanivutia zaidi. Mto ulileta mchanga wa kwatzi pamoja na punje za feldspari ambazo hazijaoza bado, kwa kuwa mmomonyoko wa milimani ulikwenda haraka kuliko asidi. Punje za feldspari zinatua na mchanga bila tabu, maana zinalingana nao kwa ukubwa na karibu zinalingana kwa uzito. Zikafukiwa. Kisha ardhi ya pwani ikainuka, mashapo yakawa kilima, mvua ikaanza kuyapenya kutoka juu, na kazi ambayo haikumalizika milimani ikamalizikia Pugu. Feldspari ikageuka kaolini mahali ilipolala, katikati ya punje za kwatzi.

Hadubini ndiyo inayofaa kuamua kesi za namna hii. Kaolini iliyoota mahali pake huwa na chembe bapa zilizopangana katika vitita virefu, na vitita hivyo havivumilii safari ya mtoni. Iliyosafirishwa huwa imevunjikavunjika. Tena, feldspari ikipoteza nusu ya uzito wake huacha uwazi, na mwamba wenye uwazi mwingi hubomoka kwa vidole. Wepesi wa kubomoka kwa mwamba wa Pugu unaendana na hilo. Pia unaonyesha kwamba gundi haikutosha: ili mchanga uwe jiwe la kujengea, maji ya chini ya ardhi lazima yaache silika, chokaa au oksidi za chuma kati ya punje. Hapa maji yalikuwa yakiondoa zaidi kuliko kuacha.

Na kile kilichoyeyuka? Sodiamu iliishia kwenye chumvi ya bahari. Sehemu ya kalisi iliyoletwa baharini na mito ilitumiwa na matumbawe kujengea mifupa yao, na miamba ya matumbawe ya kale ndiyo inayochimbwa kwenye kilima cha Wazo kwa ajili ya saruji. Nyumba ya Dar es Salaam yenye mchanga wa mto, saruji na sinki la kauri imekusanya vipande ambavyo asidi ya mvua ilivitenganisha.

Kwa mchimbaji, mwamba wenye mchanga na udongo pamoja ni gharama. Lazima uvunjwe, uoshwe kwa maji mengi, mchanga uzame kwanza, maji meupe yaelekezwe kwenye mabwawa na kuachwa hadi udongo utue, kisha ukaushwe. Kuna mahali oksidi ya chuma imeshuka na mvua kutoka kwenye udongo mwekundu wa juu, na chuma kidogo tu kinatosha kuharibu weupe: kauri ikitoka tanurini inakuwa ya manjano, na mnunuzi wa vyombo vyeupe hashushi hata gunia.