Msalaba na Ndizi: Uhakiki wa Sarafu ya Katanga ya 1961

Wahakiki wetu huchambua tenzi na riwaya; sarafu huitazama mara chache, ingawa nayo ina picha, maneno na wasomaji wengi. Tuichukue ile ya franka tano iliyotolewa mwaka 1961, wakati Katanga ilipokuwa imejitenga na Kongo (Julai 1960 hadi Januari 1963). Pamoja na mwenzake wa franka moja, iliundwa kwa shaba iliyochanganywa na bati. Upande mmoja kuna ndizi, upande wa pili msalaba.

Msalaba huo hauhusu dini. Ni umbo la vipande vya shaba vilivyomiminwa na wafuaji wa nchi hii karne nyingi kabla ya Wabelgiji. Katika makaburi ya Sanga, bondeni Upemba, yaliyoanza kuchimbwa na wataalamu mwaka 1957, misalaba ya zamani ni mikubwa. Ya baadaye ni midogo, na vipimo vyake vinakaribiana. Ulingano huo ndio uliomfanya Pierre de Maret aione kuwa fedha. Basi mchoraji wa 1961 amechora fedha juu ya fedha. Wazo hilo ni zuri, na kwa maoni yetu lawashinda tembo na mchikichi wa sarafu za Kongo ya Wabelgiji. Lakini ndizi? Nchi ya bukari yatambulishwaje kwa ndizi, tunda liwezalo kuchorwa popote tangu Uganda hadi Kameruni?

Lawama yetu kubwa ni juu ya maneno. Sarafu za kikoloni ziliandikwa Kifaransa na Kiholanzi. Katanga ilikifuta Kiholanzi, ikakiacha Kifaransa peke yake. Kiswahili, lugha ya masoko ya Elisabethville (leo Lubumbashi) na ya kambi za wachimba migodi, hakikupewa hata neno moja. Serikali iliyojidai kuwa ya wenyeji iliazima alama ya mababu, ikaisahau lugha ya wajukuu. Wala halikuwa jambo lisilowezekana: mwaka 1966 Tanzania ilitoa sarafu zilizoandikwa «shilingi moja» na «senti ishirini», na kila muuza samaki aliyejua kusoma aliweza kuzisoma kwa lugha ya soko lake. Mwenzake wa Elisabethville, asiyejua Kifaransa, alibaki kuutazama msalaba.