Kurekebisha bila Kufuta: Ufundi wa Kuhifadhi Land Rover za Zamani

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa hadharani tarehe 30 Aprili 1948 katika maonyesho ya magari ya Amsterdam, Uholanzi. Ilikuwa zao la uhaba. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha miaka mitatu tu nyuma, chuma kilikuwa bado kikigawiwa kwa kibali, na kiwanda cha Rover kilichokuwa Solihull, Uingereza, kilihitaji bidhaa ya kuuza nchi za nje. Maurice Wilks, mhandisi wa kampuni hiyo, alikuwa akitumia Jeep ya Kimarekani iliyobaki vitani katika shamba lake la kisiwani Anglesey, Wales. Yeye na kaka yake Spencer, aliyekuwa akiongoza kampuni, waliamua kuunda gari la shamba la kwao wenyewe. Bodi yake ilitengenezwa kwa Birmabright, aloi ya alumini na magnesi, kwa sababu alumini ilipatikana kwa urahisi kuliko chuma na iliweza kukunjwa kwa zana za kawaida. Chasisi iliundwa kwa vipande bapa vya chuma vilivyochomelewa pande nne hadi vikawa boriti zenye uwazi ndani. Kingo za bodi zilifunikwa kwa mikanda ya chuma kilichopakwa zinki. Gari lililokusudiwa kuiokoa kampuni kwa muda mfupi likawa miongoni mwa magari yaliyoishi maisha marefu kuliko yote, na kulihifadhi kukawa ufundi kamili wenye maarifa, kanuni na heshima yake.

Anayeingia katika ufundi huo huanza kwa kujua vizazi vya gari lenyewe. Series I iliundwa kuanzia 1948 hadi 1958. Zile za mwanzo kabisa zilikuwa na inchi 80 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, injini ya petroli ya lita 1.6, na taa kubwa zilizofichwa nyuma ya wavu wa mbele. Baadaye zilikuja za inchi 86 na 107, kisha 88 na 109, vipimo vilivyodumu kwa miongo iliyofuata. Series II ya mwaka 1958 ilileta mabega ya mviringo ubavuni na injini ya petroli ya lita 2.25. Series IIA ilifuata mwaka 1961. Mwishoni mwa miaka ya 1960 taa zilihamishwa kutoka katikati hadi kwenye mabawa ya mbele. Series III, iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, iliwekewa wavu wa plastiki na geji zilizo mbele ya dereva badala ya katikati ya dashibodi. Tofauti hizi ndogo ndizo alfabeti ya fundi. Asiyezijua anaweza kulivika gari la mwaka 1959 wavu wa mwaka 1975, akadhani amelirudisha katika hali yake ya awali.

Baada ya kulijua gari, huja swali la kulitendea nini. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoanzishwa mwaka 1966, hulihesabu gari kuwa la kihistoria likiwa na umri usiopungua miaka 30, likiwa limetunzwa katika hali iliyo sahihi kihistoria, na ikiwa halitumiki kama chombo cha usafiri wa kila siku. Hati ya Turin, ambayo ni mwongozo wa shirikisho hilo, hutenganisha kazi ambazo watu wengi huzichanganya. Kuhifadhi ni kuzuia uharibifu usiendelee bila kubadili kilichopo. Kukarabati ni kurudisha uwezo wa kufanya kazi katika sehemu iliyoharibika. Kurejesha ni kujaza kilichopotea ili gari lifanane tena na lilivyokuwa katika kipindi fulani cha maisha yake. Kazi hizi zina ngazi: ya kwanza hupewa nafasi kabla ya ya pili, na ya pili kabla ya ya tatu. Sababu yake ni nyepesi kuelewa. Rangi ya kiwandani ikishakwanguliwa, hakuna rangi mpya itakayokuwa ya kiwandani tena. Gari likishafanywa jipya limepoteza ushahidi ambao fedha haziwezi kuununua.

Mfano mzuri ulitoka kwa watengenezaji wenyewe. Mwaka 2018, Land Rover ilipotimiza miaka 70, kampuni ilitangaza kwamba moja ya magari yaliyoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948 limepatikana katika bustani ya nyumba moja, maili chache kutoka Solihull. Gari hilo lilikuwa limeacha kwenda barabarani tangu miaka ya 1960. Kampuni ilikuwa na uwezo wa kulitengeneza liwe jipya kuanzia skrubu hadi rangi. Badala yake iliahidi kulinda alama za umri wake, pamoja na rangi ya awali ya kijani hafifu. Uamuzi huo una hekima ambayo fundi mdogo wa mjini au kijijini anaweza kuifuata sawasawa na kiwanda kikubwa.

Kazi yenyewe huanza kwa macho na kalamu. Kabla ya spana yoyote kushikwa, gari hupigwa picha kila upande, chini na ndani, na kila kasoro huandikwa. Nambari ya chasisi na ya injini hulinganishwa na zilizo kwenye hati za usajili. Kwa magari ya kuanzia Series II, tarakimu za mwanzo za nambari ya chasisi hueleza aina ya gari na upande wa usukani, kwa hiyo nambari pekee huweza kufichua iwapo gari limebadilishwa. Kisha husomwa rangi. Mahali palipojificha, kama nyuma ya kibati cha nambari au chini ya kiti, rangi ya kwanza mara nyingi hubaki ikiwa safi. Matundu ya bolti yasiyo na kazi huonyesha palipowahi kufungwa tangi la ziada, redio ya polisi au rafu ya mizigo. Kibao cha chama cha ushirika kilichofutika nusu mlangoni ni maelezo ya kazi ambayo gari liliwahi kuifanya, na fundi mwenye busara hukiacha hapo hapo.

Adui mkuu wa Land Rover hukaa ndani ya chasisi. Kwa kuwa boriti zake zina uwazi, maji na tope huingia kupitia matundu madogo, yakatulia humo, na chuma kikaliwa kutoka ndani kuelekea nje. Boriti ya nyuma kabisa huathirika zaidi kwa sababu hupokea tope la magurudumu, ikifuatiwa na mikono inayobeba bodi na sehemu zinazoshikilia springi. Fundi hupita akigonga kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Chuma kizima hulia kwa sauti kali, kilicholiwa huitika kwa sauti nzito iliyokufa. Palipooza hukatwa hadi kwenye chuma kizima, kisha huchomelewa kipande kipya chenye unene uleule wa milimita 2 hivi. Kubandika kiraka juu ya kutu ni kuifungia kutu ndani iendelee na kazi yake. Zinauzwa chasisi mpya zilizochovywa katika zinki, na kwa gari ambalo chasisi yake imekwisha kabisa hilo ni jibu la haki. Hata hivyo, nambari ya asili imechongwa kwenye chasisi ya zamani, na kuitupa ni kutupa mwili uliobeba jina. Kwa hiyo mabadiliko hayo hufanywa mwisho, baada ya ukarabati kushindikana.

Ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria ni mgonjwa wa pili. Huoza miguuni mwa dereva na mwenzake, kwenye nguzo za milango, na chini ya vidirisha vya hewa. Milango, dashibodi, pedali na kioo cha mbele vyote hutegemea ukuta huo, hivyo kila kipimo huchukuliwa kabla ya kukata. Kosa la milimita chache hapa hufanya mlango ukatae kufunga maisha yote ya gari.

Bodi ya alumini hudai mkono wa aina nyingine. Haishikwi na kutu nyekundu, lakini inapogusana na chuma penye unyevu, hasa unyevu wenye chumvi kama wa Mombasa au Tanga, alumini huliwa na kugeuka unga mweupe. Dawa yake ni kutenganisha metali hizo mbili kwa rangi ya msingi, mpira mwembamba au bolti zilizopakwa zinki. Mbonyeo nao huhitaji subira, kwa kuwa alumini iliyogongwa huwa ngumu, na ikilazimishwa hupasuka. Mafundi wa bodi wana mbinu ya zamani isiyohitaji kipimajoto: eneo hupakwa sabuni kavu, kisha hupashwa moto taratibu kwa mwali hadi sabuni igeuke nyeusi. Hapo metali imelainika na inaweza kusukumwa kwa nyundo ya mbao. Tahadhari ni muhimu kwa sababu alumini haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka; anayesubiri rangi ya moto ataona tundu. Hata hivyo, si kila mbonyeo unastahili kunyooshwa. Ule uliopasuka au unaozuia mlango kufunga hutengenezwa. Ule uliotokana na miaka ya kubeba magunia na ng'ombe hauna ubaya wowote.

Rangi huoshwa kwa maji na sabuni laini kabla ya kitu kingine chochote, na mara nyingi chini ya uchafu wa miaka hutokea kijani au kijivu kilichofifia lakini kizima. Nta huipa ulinzi. Palipobaki alumini tupu pana usalama wake, kwa kuwa metali hiyo hujifunika yenyewe kwa utando wa oksidi. Panapolazimu kupakwa, hupakwa sehemu hiyo tu, kwa rangi iliyolinganishwa na ile ya jirani yake jinsi ilivyo leo. Puti nene na mng'ao wa kioo havina nafasi. Gari hili halikutoka kiwandani liking'aa hivyo.

Upande wa mitambo, uadilifu hupimwa kwa usalama. Breki haziachwi kwa ajili ya historia: silinda za magurudumu, mipira na mabomba hubadilishwa bila kusita, kwa kuwa gari lisilosimama halifai kuhifadhiwa na mtu yeyote. Ngoma za breki na vifuniko vyake, kinyume chake, husafishwa na kurudishwa. Injini hufunguliwa pale tu vipimo vya mgandamizo, shinikizo la oili na moshi vinapotaka hivyo. Pistoni, beringi na gasketi ni vitu vilivyoundwa ili vibadilishwe, lakini bloku ya injini yenye nambari ya asili hutunzwa hata ikihitaji kuchongwa upya. Mipira ya chuma iliyoko nyuma ya magurudumu ya mbele huchimbika na kuvujisha oili, nayo hubadilishwa au hupewa sili mpya kulingana na uharibifu wake. Waya zilizochakaa hubadilishwa kwa zenye rangi zilezile za alama ili fundi wa kesho asipotee. Kila kilichotolewa huwekwa kwenye sanduku na kuandikwa jina. Kiti kilichochanika hushonwa kabla ya kufikiriwa kingine.

Afrika Mashariki ina nafasi yake katika habari hii. Land Rover zilibeba maofisa wa serikali, wamisionari, polisi, watafiti na walinzi wa mbuga, na kiwanda cha Leyland kule Thika, Kenya, kiliziunganisha nchini humo. Mwaka 2024 Arusha ilikuwa mwenyeji wa tamasha la wamiliki wa magari hayo, ishara kwamba mapenzi nayo hayajapoa. Mafundi wa eneo hili walizifanya ziendelee kuishi mbali na duka lolote la vipuri, kwa kuchonga bushi, kukunja majani ya springi na kufunga injini za dizeli kutoka magari ya Kijapani. Anayehifadhi gari la namna hiyo ana wajibu wa kupambanua. Kiraka kilichofanywa kwa ustadi mwaka 1980 ni sehemu ya historia yake na kinastahili kubaki. Kazi iliyokata boriti ili injini ngeni iingie ni jeraha, na kulitibu ni haki. Vyovyote itakavyoamuliwa, kazi ya zamani hupigwa picha kwanza, maana hiyo pia ni kumbukumbu ya mikono iliyotangulia.

Kazi ikikamilika huanza matunzo, ambayo hayana mwisho. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa Land Rover ufa huo ni tundu la kutolea maji lililozibwa na tope. Ndani ya chasisi hupuliziwa nta ya mafuta. Chini huoshwa baada ya kila safari ya pwani. Oili ya injini iliyotumika, ambayo wengine huipaka chini ya gari, huharibu mipira na kuchafua ardhi, hivyo huepukwa. Na gari huendeshwa. Sili hukauka zisipopata oili, na breki hushika zikikaa. Mojawapo ya Land Rover mbili zilizowabeba wanafunzi wa vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge kutoka London hadi Singapore mwaka 1955 na 1956 iliokolewa baada ya kutelekezwa kwa miaka mingi, na mwaka 2019 ikaendeshwa kutoka Singapore kurudi London. Safari hiyo ni uthibitisho kwamba kuhifadhi hakumaanishi kufungia ghalani.

Mwishoni fundi huacha daftari: kilichokutwa, kilichofanywa, kilichobadilishwa na sababu zake. Daftari hilo hukaa na gari na kupita nalo kutoka mmiliki hadi mmiliki. Kwa njia hiyo anayefuata huweza kutofautisha kazi ya kiwanda, kazi ya miaka ya utumishi na kazi ya mhifadhi, na akaendelea pale mwenzake alipoishia. Sifa ya ufundi huu imo katika nidhamu hiyo. Unataka ujuzi wa kuchomelea, kukunja na kupima, kisha unautaka ujuzi huo wote ukubali kufanya kidogo iwezekanavyo, ili kazi za waliounda gari na waliolitumia zibaki zikionekana.