Kiambishi -ji na Kosa la Kijana

Katika Kiswahili, kiambishi -ji mwishoni mwa jina la mtenda mara nyingi huleta maana ya mazoea. Aliyeimba mara moja arusini haitwi mwimbaji, wala aliyechimba shimo la choo chake si mchimbaji. Mchimbaji ni yule wa Rwamgasa au Nyarugusu, mkoani Geita, ashindaye ardhini akitafuta dhahabu. Basi neno “mbakaji”, apewapo mvulana wa miaka 14 kwa kosa moja, hujibu swali kabla halijachunguzwa: je, ataendelea hivyo akiisha kuwa mtu mzima?

Itasemwa kwamba muuaji naye huitwa hivyo kwa kuua mara moja. Ni kweli, kosa ni la wale walichukuao jina kuwa utabiri. Mwaka 2016 Michael Caldwell, mtaalamu wa Marekani, alijumlisha habari za vijana zaidi ya 33,000 waliopata kutenda makosa ya kujamiiana. Walioonekana kurudia kosa la namna hiyo, katika muda wa karibu miaka 5, hawakufika 5 katika kila 100. Hesabu hizo si za Shinyanga, na pale jamaa wamalizapo jambo nyumbani mahakama haioni kitu. Hata hivyo zatosha kulitilia shaka jina.

Sheria yenyewe haikukata tamaa. Kanuni ya Adhabu, ilivyorekebishwa mwaka 1998, humpa mvulana viboko tu kwa kosa la kwanza, na kifungo cha miezi 12 pamoja na viboko kwa la pili. Kisha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ikakataza mtoto asihukumiwe kifungo.

Maofisa wa ustawi wa jamii husema “mtoto aliyekinzana na sheria”. Hapa -li- yafanya kazi njema: tendo limepita. Lakini maneno hayo yana aibu yake, maana msichana ametoweka ndani yake. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch, likiandika juu ya watoto wa machimboni Geita, Shinyanga na Mbeya, lilieleza jinsi wasichana wanavyosumbuliwa kimwili huko. Aliyeumizwa si sheria.

“Mvulana aliyebaka” ni maneno makali kuliko yale ya ofisini, na yana haki zaidi kuliko “mbakaji”: tendo latajwa kwa jina lake, nalo laachwa katika siku lilipotendeka.